Daudi Alisamehewa, Lakini Nyumba Yake Ililipa

Masomo: 2 Samweli sura ya 11 hadi ya 19, Zaburi ya 51, Luka 13:1-5

 

Tunapozunguka katika familia kwa ajili ya maombi, swali moja linarudi karibu kila nyumba: "Sisi tulimkosea Mungu nini hata tukafika hapa?" Mama analiuliza akiwa anapuliza moto wa kuni mbichi. Mzee aliyeacha mashamba na ng'ombe wake analiuliza akiwa ameshika kadi ya mgao mkononi. Wengine hawaulizi tena, wamekwisha kujijibu wenyewe.

Wako wanaosema kwamba kila mkimbizi analipa dhambi zake. Wako wengine wanaosema kinyume chake: "Sisi tumekwisha kuteseka vya kutosha. Mungu hawezi kutuhesabia makosa ya kambini. Mtu akiwa na njaa atafanyaje?" Majibu haya yote mawili ni hatari. La kwanza linawabebesha watu mzigo ambao si wao. La pili linafungua mlango wa nyuma ili dhambi iingie nyumbani huku sisi tukiangalia mlango wa mbele.

Leo tumwangalie mfalme Daudi. Maisha yake yanajibu pande zote mbili, kwa sababu Daudi naye alikuwa mkimbizi. Tena alikimbia mara mbili.

1. KUKIMBIA MARA MBILI

Mara ya kwanza Daudi alimkimbia Sauli. Hakuwa na kosa. Alikuwa amemuua Goliathi, amempigia mfalme kinubi, ameoa binti wa mfalme kwa haki. Sauli akamwonea wivu akataka kumuua. Daudi akalala katika pango la Adulamu, na watu wapata 400 wakamfuata, watu wenye dhiki, wenye madeni na wenye uchungu moyoni (1 Samweli 22:1-2). Baba yake na mama yake, ambao walikuwa wazee, akawapeleka kwa mfalme wa Moabu akamwomba awapokee (22:3-4). Moabu ilikuwa nchi jirani, tena ndiyo nchi aliyotoka Ruthu, ambaye ni mama wa babu yake. Baadaye yeye mwenyewe akavuka kwenda kwa Wafilisti akakaa huko mwaka 1 na miezi 4 (27:7). Nani kati yetu hajui maneno kama haya? Kuvuka mpaka na wazee, kuomba mahali pa kukaa, kuhesabu miezi.

Mara ya pili alimkimbia Absalomu, mwanawe wa kumzaa. Wakati huo hakuwa kijana tena. Alikuwa mfalme katika Yerusalemu, ana jumba, ana askari, ana washauri. Lakini kukimbia huku kulikuwa na mzizi wake katika dhambi aliyoifanya mwenyewe. Nabii Nathani alikuwa amemwambia mapema kwamba mabaya yatamtokea kutoka ndani ya nyumba yake (2 Samweli 12:11).

Basi tazama, mtu ni yule yule, na njia zote mbili zilikuwa na vumbi na machozi. Mtu aliyemwona akipita asingeweza kujua kwa macho tu ni safari ipi ya mwenye haki na ni ipi ya mkosaji. Kwa hiyo usimhukumu jirani yako kwa sababu amekimbia. Bwana Yesu mwenyewe alipoletewa habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, na za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kusema kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Lakini hapo hapo aliwageukia waliokuwa wanamsikiliza akawaambia watubu (Luka 13:1-5). Na Yeye asiyejua dhambi alikimbizwa Misri usiku akiwa mtoto (Mathayo 2:13-15).

2. DHAMBI ILIANZIA DARINI, SIYO PANGONI

Tunapenda kusema, "Shida ndiyo iliyonifanya." Lakini tuisome habari ya Daudi vizuri. Alipokuwa mkimbizi pangoni kule Engedi, Sauli aliingia mikononi mwake, na watu wake walimshauri amuue. Daudi akakata pindo la vazi tu, na hata kwa hilo moyo wake ukamchoma (1 Samweli 24:3-7). Njaa ilikuwepo, hofu ilikuwepo, uchungu ulikuwepo. Lakini mkono wake ulijizuia.

Alianguka lini? Alianguka alipokuwa ameshiba. Ulikuwa msimu ambao wafalme hutoka kwenda vitani. Daudi akamtuma Yoabu na jeshi kuuzingira mji wa Raba, mji mkuu wa Waamoni, mahali palipo leo mji wa Amman katika nchi ya Yordani. Yeye akabaki Yerusalemu. Jioni akaondoka kitandani, akatembea juu ya dari ya jumba lake, akamwona mwanamke anaoga (2 Samweli 11:1-2). Nyumba za huko zilikuwa na dari bapa ambayo watu hupanda kupunga hewa, na ya mfalme ilikuwa juu kuliko zote. Aliona nyumba za watu wote, na hapakuwa na mtu wa kumwona yeye.

Hapa kuna mafundisho mawili kwetu. La kwanza: kambi haimfanyi mtu kuwa mwenye dhambi. Inaonyesha tu kile kilichomo moyoni. La pili: wako wanaosema, "Siku nitakayorudi nyumbani," au "Siku nitakayopelekwa nchi ya tatu, ndipo nitakapotulia na Mungu." Ndugu yangu, hujui ni dari gani inayokungoja huko. Mtu akishindwa kumcha Mungu chini ya turubai, nyumba ya matofali haitamfundisha.

3. KOSA MOJA LIKAITA LINGINE

Daudi aliuliza mwanamke yule ni nani. Akaambiwa ni Bathsheba binti Eliamu, mke wa Uria Mhiti. Jibu hilo lilitosha kumsimamisha. Ni binti wa mtu, ni mke wa mtu. Lakini mfalme akatuma watu wakamchukua. Tuangalie vizuri: Biblia haimlaumu Bathsheba. Mfalme akituma askari mlangoni kwako jioni, utasema nini? Watu wa hapa wanajua maana ya mwenye nguvu kutuma watu mlangoni.

Mwanamke akapata mimba. Daudi akaanza kuficha. Akamwita Uria kutoka vitani, akamwuliza habari za vita kana kwamba anajali, akamwambia aende nyumbani kwake. Uria hakwenda. Alilala mlangoni pa jumba la mfalme pamoja na watumishi. Alipoulizwa, akaeleza kwamba sanduku la Mungu na jeshi lote wako vibandani, na wenzake wamepiga kambi uwandani. Yeye hawezi kwenda kula na kunywa na kulala na mkewe (11:8-11). Uria hakuwa Mwisraeli wa kuzaliwa. Alikuwa Mhiti, mtu wa taifa jingine. Jina lake limeandikwa kati ya mashujaa 37 wa Daudi (23:39). Mgeni huyu aliwakumbuka watu waliolala vibandani, wakati mfalme mwenyeji alikuwa amewasahau.

Siku iliyofuata Daudi akamlewesha. Uria hakwenda nyumbani. Ndipo mfalme akaandika barua kwa Yoabu kwamba Uria awekwe mbele penye vita vikali, kisha wenzake wamwache. Barua hiyo akapewa Uria mwenyewe aipeleke. Alibeba hukumu yake ya kifo bila kuifungua, kwa sababu alikuwa mwaminifu. Naye hakufa peke yake. Wengine wa watumishi wa Daudi walikufa pamoja naye mbele ya ukuta wa Raba (11:17). Wake zao na watoto wao hawakujua kamwe kwamba waume na baba zao waliuawa ili siri ya mtu mmoja ifichwe.

Habari ilipomfikia Daudi, alimwambia mjumbe amtie Yoabu moyo, kwamba upanga unakula huyu na huyu bila kuchagua (11:25). Likumbuke neno hilo la upanga, kwa maana litarudi.

Hivi ndivyo dhambi inavyofanya kazi. Ilianza kwa macho, ikaenda kwenye tamaa, ikaenda kwenye uzinzi, ikaenda kwenye uongo, kwenye ulevi, kwenye mauaji. Kama Daudi angeungama kwenye hatua ya pili, Uria angeishi. Kila hatua ya kuficha iligharimu zaidi kuliko ile iliyotangulia.

4. NATHANI ANAINGIA

Mimba ilikua, mtoto akazaliwa, na mfalme alikuwa bado amekaa kimya. Zaburi ya 32 inasimulia hali ya mtu anayenyamaza na dhambi yake: mifupa inachakaa, nguvu zinakauka kama shamba wakati wa kiangazi. Huenda watu walimwona Daudi akienda ibadani wakadhani mambo ni mazuri.

Mungu akamtuma Nathani. Nabii alimsimulia kesi ya tajiri mwenye kondoo wengi aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja, yule aliyekula chakula chake na kulala kifuani pake, ili amchinjie mgeni. Daudi akawaka hasira. Akahukumu kwamba mtu huyo anastahili kufa, na kwamba alipe kondoo yule mara nne (12:5-6). Ndipo Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ndiye yeye.

Mfalme angeweza kumkata Nathani kichwa. Wafalme wengi wangefanya hivyo. Daudi hakutafuta shahidi, hakumlaumu mwanamke, hakusema mambo ya vita yalimchosha. Alikiri kwamba amemtenda Bwana dhambi. Na Nathani akamjibu hapo hapo kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, hatakufa (12:13). Hakuambiwa angoje miezi 6, wala hakuambiwa alete ng'ombe kwanza. Huo ndio moyo wa Mungu wetu kwa mtu anayetubu.

Lakini Nathani aliendelea kusema. Tena alikuwa amekwisha kusema kwamba upanga hautaondoka katika nyumba ya Daudi. Ule upanga ambao mfalme aliusema kama jambo dogo ulimgeukia. Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Tunadhani msamaha na matokeo ni kitu kimoja. Chukueni mfano tunaoujua wote. Mtu akiacha jiko lake bila kuliangalia siku ya upepo, moto ukashika nyasi za nyumba yake ukavuka kwa jirani, anaweza kuomba radhi kwa machozi, na jirani anaweza kumsamehe kwa moyo wote. Wanaweza hata kushikana mikono mbele ya kanisa. Lakini nyumba mbili zimeungua, na usiku huo watoto wa jirani watalala nje.

5. WALIOLIPA NI AKINA NANI?

Daudi alihukumu malipo ya mara nne. Ukisoma mpaka mwanzo wa kitabu cha Wafalme, utaona kwamba wana wanne wa Daudi walikufa vifo vya uchungu: mtoto mchanga, kisha Amnoni, kisha Absalomu, kisha Adoniya (1 Wafalme 2:25). Na siyo wana tu. Hebu tuwatazame hawa waliolipa.

Mtoto mchanga. Aliugua, na Daudi akafunga na kulala chini siku nyingi, lakini siku ya saba mtoto akafa. Hapa tunapenda kusema neno kwa mama aliyezika mtoto hapa kambini. Mama, usiichukue habari hii ukajipiga nayo. Kwa Daudi alitumwa nabii na neno la wazi juu ya jambo moja. Kwako hakutumwa nabii wa namna hiyo. Wanafunzi walipomwona kipofu wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, Bwana Yesu alisema siyo yeye wala wazazi wake (Yohana 9:1-3). Mtu akija mlangoni kwako kukuambia kwamba malaria ya mtoto wako ni dhambi yako, mwambie kwa upole akasome Yohana 9.

Tamari. Amnoni, mwana wa kwanza wa mfalme, alimtamani Tamari dada yake kwa baba. Akajifanya mgonjwa. Daudi mwenyewe, bila kujua, ndiye aliyemtuma binti yake ampikie mikate. Amnoni akamlazimisha, kisha akamfukuza na kufunga mlango. Tamari akajitia majivu kichwani, akararua vazi lake, akaenda akilia kwa sauti. Absalomu kaka yake akamwambia anyamaze. Na baba? Imeandikwa kwamba mfalme aliposikia mambo hayo yote alikasirika sana (13:21). Baada ya hapo hatusomi kwamba alifanya lolote. Hakumwita Amnoni, hakuita baraza, hakumfariji binti yake.

Kwa nini mtu aliyempiga Goliathi alishindwa kumkemea mwanawe? Biblia haitoi sababu. Lakini sisi wazazi tunajua jinsi ilivyo vigumu kumkemea mtoto kwa jambo ambalo ulilifanya mwenyewe na yeye akaliona. Dhambi ya mzazi humfunga mzazi mdomo. Na kimya cha baba kilimwacha Tamari akikaa katika nyumba ya kaka yake kama mtu aliyekufa angali hai.

Ndugu zangu, jambo hili liko hapa kwetu, tusilifiche. Binti anaharibiwa njiani akitafuta kuni, au nyumbani na ndugu wa karibu. Wazee wanakaa chini ya mti, wanakubaliana mbuzi au fedha kidogo, wanamwambia binti anyamaze ili "familia isiaibike." Mara nyingine anaozwa kwa yule yule aliyemwumiza. Huko siyo kumaliza kesi. Ni kuipanda ardhini ili iote. Daudi alinyamaza miaka 2, na mwisho wa miaka 2 Absalomu alimwua Amnoni katika karamu ya kukata manyoya ya kondoo, akiwa amelewa (13:23-29). Daudi alikuwa amemlewesha Uria ili kuficha kosa. Sasa mwanawe mmoja akamlewesha mwenzake ili amuue. Watoto huiga hata yale tunayodhani hawakuyaona.

Absalomu. Yeye naye akawa mkimbizi. Alikimbilia Geshuri, kwa Talmai, babu yake mzaa mama, akakaa huko miaka 3. Alirudishwa Yerusalemu, lakini akakaa miaka 2 mingine bila kuuona uso wa baba yake (14:28). Mtoto aliyerudishwa nyumbani lakini hakupokelewa moyoni ni jeraha lililofunikwa bila kusafishwa. Akaanza kusimama penye lango, akiwasikiliza wenye kesi, akiiba mioyo ya watu. Mwisho akapiga tarumbeta kule Hebroni akajitangaza mfalme.

Masuria kumi. Daudi alipokimbia aliwaacha wanawake 10 walinde nyumba. Kwa shauri la Ahithofeli, Absalomu akapigiwa hema juu ya dari akawaingilia mbele ya macho ya Israeli wote (16:21-22). Juu ya dari! Mahali pale pale jicho la Daudi lilipoanzia. Wanawake hao hawakuwa wametenda kosa lolote. Waliporudi chini ya ulinzi wa Daudi walifungiwa kama wajane mpaka siku ya kufa kwao (20:3).

Watu wa kawaida. Katika msitu wa Efraimu walikufa watu 20,000 kwa siku moja (18:7). Walikuwa wakulima na wachungaji, vijana waliochukuliwa upande huu na upande ule. Wahenga walisema, wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Wapendwa, sisi ni watu wa nyasi. Tunajua jinsi tamaa ya wakubwa inavyochoma vijiji vya watu ambao hawakuwahi hata kuwaona wakubwa hao. Neno la Mungu halifichi jambo hilo, wala halisemi kwamba nyasi ndizo zenye kosa. Lakini tusisahau kwamba kila mmoja wetu, hata asiye na cheo, ni tembo mahali fulani. Baba ni tembo nyumbani kwake. Mzee wa kanisa ni tembo katika kanisa. Kiongozi wa kijiji anayeandika majina ya mgao ni tembo kwa wajane. Swali la leo ni hili: ni nani anayekanyagwa chini ya miguu yangu?

6. MTU ALIYESAMEHEWA ANATEMBEAJE?

Sasa tumwone Daudi katika kukimbia kwake kwa pili. Alivuka kijito cha Kidroni, akapanda Mlima wa Mizeituni akilia, amejifunika kichwa, hana viatu (15:23, 30). Makuhani wakaleta sanduku la Mungu. Daudi akawaambia walirudishe mjini. Akasema kwamba kama Bwana akimpa kibali atamrudisha, na kama hapendezwi naye, na amtendee aonavyo vema (15:25-26). Hakutaka kumtumia Mungu kama ngao ya kukwepa deni lake.

Njiani mtu mmoja, Shimei, akamrushia mawe na mavumbi akimlaani. Abishai akataka kwenda kumkata kichwa. Daudi akakataa, akasema labda Bwana ataangalia mateso yake na kumrudishia mema (16:5-12). Shimei alisema uongo mwingi, maana alimlaumu kwa damu ya nyumba ya Sauli, ambayo Daudi hakuimwaga. Lakini Daudi alijua kwamba damu ya Uria ipo, ingawa Shimei hakuijua. Mtu aliyetubu kweli hana haraka ya kujitetea.

7. MUNGU ALIMTUMIA NANI KUMLISHA?

Hapa, wapendwa, ndipo rehema inapong'aa. Daudi alipokuwa akitoka mjini alimwona Itai Mgiti na watu wake 600 kutoka Gathi. Itai alikuwa mgeni, tena amehamishwa kwao, na alikuwa amefika juzi juzi tu. Daudi akamwambia arudi, asitangetange naye. Itai akaapa kwamba popote atakapokuwa mfalme, kwa kufa au kwa kuishi, atakuwepo (15:19-22). Daudi alimwua mgeni mmoja mwaminifu, na katika siku ya aibu Mungu akampa mgeni mwingine mwaminifu.

Akafika Mahanaimu, ng'ambo ya Yordani, na watu wamechoka, wana njaa na kiu. Wakaja watu watatu: Makiri wa Lo-debari, Barzilai Mgileadi, mzee wa miaka 80, na Shobi mwana wa Nahashi wa Raba, mji wa Waamoni. Wakaleta vitanda, mabakuli na vyungu, ngano, shayiri, unga, bisi, maharagwe, dengu, asali, siagi, kondoo na jibini (17:27-29). Ukisoma orodha hiyo hapa kambini, unaona kama siku ya mgao: vyombo, unga, maharagwe.

Lakini tazama jina la mji. Raba! Mbele ya ukuta wa Raba ndipo Uria alipouawa. Na mtu wa Raba ndiye aliyekuja na mablanketi na chakula. Mungu hakumlipa Daudi kama alivyostahili. Alimwacha ayaone matokeo ya dhambi yake mpaka mwisho, machozi kwa machozi, lakini hakumwacha afe njaa njiani. Fimbo ilikuwepo, na meza nayo ilikuwepo. Na yule mwana wa pili wa Bathsheba, Sulemani, Bwana alimpenda (12:24). Hata Mathayo anapoandika ukoo wa Bwana Yesu, anamtaja Bathsheba kama yule aliyekuwa mke wa Uria (1:6). Mungu hakulifuta jina la Uria. Aliyedhulumiwa hasahauliwi mbinguni, na aliyedhulumu akitubu hatupwi.

8. TUFANYE NINI?

Kwanza, acha dhambi ingali ndogo. Kama umeandikisha jina la mtu asiyekuwepo, kama unachukua mgao wa mjane, kama umeacha mke na watoto nyumbani na hapa umeoa ukiwaficha, usingoje Nathani aje. Nenda kwa mchungaji au kwa mzee unayemwamini useme.

Pili, usinyamaze kama Daudi alivyonyamaza juu ya Tamari. Binti au mtoto akiumizwa, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, asicheleweshwe mpaka saa 72 zipite, kwa sababu dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI lazima ianzwe ndani ya muda huo. Mwamini. Kaa naye. Usikubali mbuzi kwa nafsi ya mtoto. Kanisa linalomwambia Tamari anyamaze linamlea Absalomu.

Tatu, ukisamehewa na Mungu, msaidie uliyemwumiza. Rudisha ulichochukua. Kama huwezi kurudisha chote, anza na kidogo. Zakayo alianza siku ile ile (Luka 19:8).

Nne, kama umekimbia bila kosa, simama wima. Usibebe hatia isiyo yako. Na kama moyo wako unakushuhudia kosa, usikimbie mbali na Mungu; kimbilia kwake. Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu wa kutusamehe na kutusafisha (1 Yohana 1:9).

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kwa nini Daudi alijizuia alipokuwa pangoni, lakini hakujizuia alipokuwa katika jumba lake?
2. Wazazi: ni jambo gani tunashindwa kulikemea kwa watoto kwa sababu sisi wenyewe tunalifanya?
3. Watoto: ukiumizwa na mtu mkubwa, utamwambia nani? Wazazi waelezeni watoto leo, kwa majina, watu wanaoweza kuwaendea.
4. Ni nani "mtu wa Raba" aliyekutendea wema hapa ugenini bila kutegemea?

SALA

Mungu wa Daudi na Mungu wa Uria, unatuona darini na unatuona chini ya turubai. Utusamehe dhambi tulizozificha. Uwaponye waliolipa madeni ambayo hawakukopa. Uwape wazazi ujasiri wa kusema kweli nyumbani. Uwafariji waliokimbia bila kosa, uwarudishe kwako waliokosa. Na siku utakapotupa nyumba tena, hapa au kule tulikotoka au mbali zaidi, utulinde tusisahau yale tuliyojifunza hapa. Kwa jina la Yesu Kristo, Mwana wa Daudi. Amina.